Ukiitwa Kupiga Picha Harusi ya Ngumbo

Harusi ya watu sitini ni ngumu kuipiga picha kuliko ya watu mia sita. Kijana aliyezoea kumbi za Songea au Mbinga mjini huligundua hilo kabla ya saa nne asubuhi. Ukumbini emsii anatangaza nani anaingia na lini, taa zinawaka, maharusi wamekalishwa mahali pamoja, na ukikosa tukio moja watu wa video wanakuwa nalo. Ngumbo hakuna jukwaa. Kuna kanisa, kuna uwanja wa nyumbani kwa wazazi, miembe miwili mitatu, turubai kama kamati imelipata, na mbele yake Ziwa Nyasa. Shughuli inakwenda kwa mwendo wa wazee. Wewe peke yako ndiye usiye na wa kumwita shangazi pale, na ukiinua kamera kila mtu anakuona.

Nawaandikia hasa vijana wenye kamera moja na lenzi mbili, wale wanaopigiwa simu mwezi wa tano na kuambiwa, "Tuna harusi ndogo tu nyumbani, njoo utupigie picha." Sababu za simu hizo zinaeleweka. Lami ya Mbinga hadi Mbamba Bay, kilomita 66, imeufupisha mteremko uliokuwa ukitisha watu kila masika. Watoto wa Nyasa waliotawanyika Mbeya na Dar es Salaam wanaweza kurudi kufungia ndoa kwao, wakakwepa bili ya ukumbi, na bibi asiyeweza kupanda basi akawemo. Huyo bibi mkumbuke. Ziwa unaloliwazia njia nzima lina urefu unaozidi kilomita 550 na kesho litakuwepo. Umeitwa kwa ajili ya watu.

Tuanze na jua, maana ndilo litakalokupangia siku. Ngumbo ni kata ya Wilaya ya Nyasa, wilaya iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, na msimu mzuri wa harusi huko ni kiangazi, Juni hadi Oktoba. Mvua imekatika, Kwaresima imepita, chakula kimo ndani, na kule juu Umatengo kahawa inavunwa kwa hiyo hata ndugu wa mlimani wana cha kuchangia. Mwezi Julai jua linazama karibu saa kumi na mbili na nusu jioni, moja kwa moja upande wa ziwa, na mwanga wa maana unaobaki baada ya hapo haufiki nusu saa. Asubuhi linachelewa, kwa sababu mashariki kuna milima na ufukwe hubaki kivulini muda mrefu baada ya kupambazuka. Kivuli hicho cha asubuhi ni laini na kinafaa sana kwa bibi harusi anayevishwa nje ya nyumba. Wengi huwa bado wamelala.

Ukali wa jua nao haufiki kilele saa sita kamili kama unavyodhani. Saa zetu zimepimwa kwa mstari wa nyuzi 45 mashariki, unaopita kule Somalia, ilhali Ngumbo ipo karibu na nyuzi 35. Kwa hiyo mwezi Julai jua huwa juu kabisa yapata saa saba kasoro robo, na Misa iliyoanza saa nne ikaisha saa sita na nusu inakutemea maharusi nje kwenye mwanga mbaya kuliko wote wa siku nzima. Macho yanakuwa mashimo meusi, pua zinang'aa, shela linaungua. Hapo ndipo watu wote wanataka picha ya ukoo, na hapo ndipo mpiga picha anaposema "tutaisahihisha kwenye kompyuta". Haisahihishiki.

Dawa yake iko ukutani. Katika latitudo hii, kuanzia mwishoni mwa Februari hadi karibu na mwisho wa Oktoba, jua la mchana linapita upande wa kaskazini. Maana yake ukuta wa kusini wa kanisa, na wa nyumba yoyote, una kivuli saa hiyohiyo ya ukali. Nenda siku moja kabla ukautafute. Kama nyuma yake hakuna choo wala kamba ya nguo, umepata studio. Mchanga mweupe ulio mbele ya kivuli utarudisha mwanga usoni kutoka chini, kazi ambayo mjini ungeifanya kwa kununua kitambaa cha fedha na kumlipa mtu akishike.

Ukiwa na ukuta, tandika kitenge. Seydou Keïta wa Bamako, mmoja wa wapiga picha wakubwa waliowahi kutoka Afrika, alifanya kazi yake ya miaka ya 1940 na 1950 uani, kwa mwanga wa jua na kitambaa chenye maua kilichotundikwa nyuma ya mteja. Picha zake leo zinaonyeshwa kwenye majumba makubwa ya sanaa duniani. Ngumbo kila nyumba ina kitenge cha kutosha mita nne. Omba kile ambacho mama wa bwana harusi anakipenda, kipigwe pasi, kifungwe kwenye fito mbili. Wazee watakaa mbele yake kwa fahari kuliko mbele ya machweo.

Kivuli cha mwembe nacho ni kizuri, ila kina hila. Chini kabisa, karibu na shina, majani hutupa rangi ya kijani usoni, na matundu ya jua hupita yakamwachia bibi harusi madoa mashavuni. Wasogeze watu ukingoni mwa kivuli, nyuso zielekee penye anga wazi, migongo ielekee shinani. Hatua tatu tu hubadilisha picha yote.

Kisha ngozi. Kwa miongo mingi maabara za filamu zilipima usahihi wa rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke mweupe, kadi zilizojulikana kwa jina la Shirley, na Kodak ilianza kuboresha filamu zake kwa rangi za kahawia baada ya watengenezaji wa chokoleti na samani kulalamika kwamba bidhaa zao hazitoki vizuri. Kamera za sasa zina uwezo zaidi, lakini mita ya mwanga haijui kama inatazama uso au suti. Ukimweka bwana harusi mweusi mwenye suti nyeusi kivulini, kamera inaongeza mwanga na gauni linapotea. Ukimgeuza ziwa likiwa nyuma yake, inapunguza, na uso unabaki kivuli kitupu. Iondolee mamlaka ya kuamua. Pima mwanga kwenye shavu la bibi harusi kwa kipimo cha nukta, weka namba mwenyewe, hakikisha nyuzi za gauni bado zinaonekana, na usiguse tena mpaka mhame mahali. Piga kwa RAW. Ziwa likiwa nyuma, wageuze ubavu ili mwanga uwapige upande mmoja, au tumia flashi kidogo sana, kiasi cha kuamsha macho tu. Zungumza mapema pia na mpambaji. Poda iliyo nyeupe kuliko shingo inaweza kupita machoni, lakini chini ya flashi uso unakuwa wa majivu, na atakayelaumiwa ni wewe.

Upepo hauna adabu kwa mtu. Kati ya Mei na Agosti ziwa hili hupigwa na upepo wa kusini-mashariki ambao wavuvi huuita mwera, na ukianza unaweza kwenda siku kadhaa. Waulize wavuvi jana yake. Wanajua kuliko simu yako. Bibi harusi akitazama upepo unakotoka, shela linarudi nyuma lenyewe na uso unakuwa wazi. Akiupa mgongo, utapiga picha ya kitambaa. Kama kuna maharusi au wageni wanaofika kwa boti, piga picha hiyo ukiwa nchi kavu, au majini hadi magotini ikibidi, kamera shingoni na mfuko wa nailoni mkononi. Kupanda mtumbwi na vifaa vya milioni kadhaa ili kupata pembe nzuri ni ujasiri wa bure, na kama ni lazima upande, koti la kujiokoa livaliwe na wewe na pia na maharusi.

Jambo jingine dogo ambalo wakazi wa mlimani hulisahau: Mbinga asubuhi ya Julai ni baridi kweli, na ziwa lipo chini sana, karibu mita 470 tu juu ya usawa wa bahari, kwenye joto na unyevu. Kamera iliyolala kwenye baridi ikifunguliwa ufukweni hupata ukungu kwenye lenzi, nje na wakati mwingine ndani. Iache kwenye begi lililofungwa nusu saa ipate joto taratibu. Afadhali ushuke siku moja kabla. Ukitoka Mbamba Bay kuelekea kaskazini kupitia Liuli jiandae kwa vumbi, na usibadilishe lenzi juu ya bodaboda.

Kuhusu vifaa sina mengi. Milimita 35 na 50 zinatosha, na ukiwa na 85 utafurahi kanisani. Betri nne zilizojaa, maana umeme wa kijijini unaweza kukatika jioni ileile uliyoipangia kuchaji. Kadi mbili, na kadi isifutwe mpaka picha ziwe zimehifadhiwa mahali pawili. Kamera ya pili, hata ya kuazima, ni bora kuliko lenzi ya tatu. Droni iache nyumbani kama huna kibali. Tanzania droni inahitaji ruhusa ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga pamoja na ya wizara ya ulinzi, na Ngumbo ipo kwenye ziwa la mpakani, tena mpaka ambao Tanzania na Malawi bado zinavutana juu yake. Hakuna picha ya juu inayostahili kumfanya bwana harusi alale akijieleza.

Kanisani mtafute padri kabla ya siku, si mlangoni dakika tano kabla ya Misa. Mwambao huu una Wakatoliki na Waanglikana, na Waanglikana wa Nyasa walilelewa na misheni ya UMCA, iliyopenda ibada zenye mavazi, kengele na uvumba, kwa hiyo usidhani utapata uhuru zaidi kwa sababu si Wakatoliki. Muulize usimame wapi, flashi wakati gani haitakiwi, na kama anaweza kuwaambia wageni washushe simu wakati wa viapo. Neno moja la padri linafanya kazi kuliko viwiko vyako. Flashi ya kugonga dari mara nyingi haitakusaidia ukikuta tofali za kuchoma na bati lililo juu sana lisilo na dari. Pandisha ISO hadi 3200 bila woga, shata isishuke chini ya 1/125 watu wakitembea, na simama upande ambao dirisha linawaangazia maharusi badala ya kukuangaza wewe. Pata viapo, pete, na kutia saini cheti pamoja na mashahidi wawili. Kisha geuza kamera nyuma. Mama wa binti akimsikia mwanawe akisema "nakubali" ana uso ambao hutauona tena siku hiyo, na wapiga picha wengi wakati huo wamempa mgongo.

Ndoa nyingine utakayoitiwa ni ya kubariki. Mume na mke wameishi pamoja miaka ishirini, wana watoto watano, mahari imemalizika mwaka jana, na sasa parokia imewapangia siku. Hapa usilete orodha yako ya mapozi ya vijana. Usimwinamishe baba wa watu wazima juu ya mkewe kama tangazo la manukato. Wapige wakitembea bega kwa bega kama walivyozoea kwenda shambani, na watoto wao wawe karibu tangu asubuhi: binti mkubwa anayemfunga mama yake shela, mdogo anayeshikilia pete asizipoteze. Kwa maoni yangu hizi ndizo harusi zenye picha bora kuliko zote, kwa kuwa hakuna anayeigiza mapenzi. Lakini uliza kwanza kama watoto watakaa mstari wa mbele kanisani, maana kila parokia ina desturi yake, na wazazi wengine wana haya.

Sasa picha ya ukoo, ambayo ndiyo itakayoning'inia sebuleni baada ya zile za ufukweni kusahaulika kwenye simu. Usiipange wewe. Jioni ya kuamkia siku yenyewe, kaa na shangazi wa bwana harusi na mama mkubwa wa bibi harusi, pamoja na mshenga kama yupo, uwaombe wakutajie nani asimame na nani. Andika kwenye daftari. Utasikia mambo ambayo hakuna kadi ya mwaliko inayoyasema. Baba mzazi amefariki na baba mdogo ndiye atakayesimama mahali pake. Wazazi wa binti walitengana na mama yuko na mume mwingine. Mjomba mmoja ana hasira ya mahari na akiachwa nje ya picha hasira hiyo itakuwa kesi. Ziko koo ambazo mkwilima hamsogelei mama mkwe, na wewe kwa kutaka pengo lizibwe utawabana bega kwa bega mbele ya watu wote. Mwenye kuwapanga na kuwaita kwa majina awe huyo shangazi. Sauti yake ina haki ambayo yako haina.

Anza na waliozeeka. Wapewe viti, na kila mmoja asalimiwe shikamoo kabla hajaelekezwa chochote. Bibi na babu wakishapigwa waachwe wakapumzike, usiwarudishe mara tatu kwa sababu umekumbuka mchanganyiko mwingine. Watoto wakae mbele juu ya mkeka. Safu zisizidi tatu, tundu la lenzi f/8, umakini uwekwe kwenye safu ya mbele au ya kati, na piga angalau tano mfululizo kwa kuwa katika watu thelathini daima kuna aliyefumba macho. Tumia 50, rudi nyuma. Lenzi pana huwanenepesha wa pembeni, na pembeni ndipo mashangazi hupenda kusimama.

Wazee wengi wanapenda picha ya mwili mzima, viatu vionekane, mikono magotini, uso mtulivu. Usimlazimishe bibi acheke. Mpige anavyotaka kwanza, umwonyeshe kwenye kioo cha kamera, kisha endelea kukaa karibu naye bila kelele. Huyu huyu baada ya muda ataanza utani na mjukuu wake, atamwita "mume wangu", atamuuliza bibi harusi kwa nini amekuja kumnyang'anya, na uwanja mzima utacheka. Hapo ndipo uwe tayari, shata 1/250, bila kumwambia mtu chochote. Watani nao wana vituko vyao siku ya harusi. Waweza kukuta kiti cha bwana harusi kimetekwa na hakirudi bila fedha. Usiwasukume watoke kwenye fremu ukidhani wanaharibu shughuli.

Kuna kundi ambalo halimo kwenye albamu nyingi: wanawake wa jikoni. Wameamka usiku, wamechambua mchele, wamepika nyama na ugali wa muhogo, wamekaanga mbasa, na maharusi wakitoka kanisani wao bado wako kwenye moshi na kanga za kazi. Nenda kwao asubuhi, omba ruhusa, na ahidi kurudi wakishavaa sare. Halafu rudi kweli. Picha mbili za kila kundi, moja ya kazi na moja ya kupendeza, na utakula vizuri siku hiyo.

Mchana ukiinama ngoma inaanza. Ukibahatika kutakuwa na mganda, ngoma ya wanaume wanaocheza kwa mistari, wenye mavazi ya kufanana na hatua za gwaride, iliyochipuka baada ya Vita Kuu ya Kwanza kutokana na paredi za askari wa kikoloni. Wanawake wa Nyasa wana kioda yao. Ngoma hizi ni za mstari, kwa hiyo ukisimama ubavuni utapata mtu mmoja akiwaficha wengine wote. Nenda mbele, chuchumaa, acha njia ya kiongozi, kasi 1/500 kugandisha vumbi la miguu. Kisha shusha hadi 1/30 upige chache zenye mwendo, mikono ikiyeyuka na uso mmoja ukitulia. Watu wakianza kutunza wachezaji, na wewe toa chochote. Mpiga picha anayepokea tu bila kutoa hugeuka kero haraka.

Wachukue maharusi peke yao saa kumi na moja, dakika ishirini, basi. Wakikaa zaidi wageni wanakula bila wenyewe na minong'ono inaanza. Nenda nao mahali ulipopachagua jana. Miamba ya ufukweni inapendeza, na kama wana usafiri na subira Liuli kuna mwamba mkubwa wa Pomonda, pale Wajerumani walipopaita Sphinxhafen kwa sababu mwamba mmoja uliwakumbusha sanamu ya Misri. Mimi ningebaki Ngumbo. Kila dakika barabarani inakula mwanga. Epuka midomo ya mito na penye matete, kwa sababu ya mamba, na penye maji yaliyotuama yenye majani, kwa sababu ya konokono wa kichocho. Miguu ndani ya maji ni picha nzuri kwenye mchanga wazi wenye mawimbi. Kama umeahidi milima ya ng'ambo ya Malawi kwenye picha, ahidi harusi ya Juni. Kufikia Septemba moshi wa kuchoma nyika huwa umeifunika, ingawa moshi huohuo hulifanya jua linalozama kuwa jekundu kiasi cha kulitazama kwa macho.

Kumbuka pia kwamba ufukwe si mandhari tupu. Ni bafu, ni dobi, ni soko la samaki, ni kianikio cha dagaa. Jioni watu wanaoga, wanaume upande wao na wanawake upande wao, na kamera yako ikielekea huko, hata kwa bahati mbaya, harusi itaingia doa. Peleka kijana wa hapo mbele akaombe njia. Watoto watakufuata kwa mamia. Wapige wakitaka, lakini usizirushe sura zao mtandaoni bila wazazi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Heshima ya kijiji ilikuwepo kabla yake.

Usiku, kama shughuli imeangukia siku za giza la mwezi, angalia ziwani. Wavuvi wa dagaa hutoka na taa, na upeo wote wa maji hujaa nukta za mwanga. Siku za mbalamwezi taa hizo hazipo, kwa hiyo tazama kalenda kabla ya kuahidi. Weka kamera juu ya stendi, shata wazi sekunde nne au tano, maharusi wasimame bila kutikisika, na flashi moja dhaifu iwapige mwishoni. Mara tatu inatosha, kisha waache wakacheze.

Malipo yazungumzwe na kamati kwa maandishi, hata kama ni karatasi ya daftari: saa ngapi za kazi, nani analipa nauli na mahali pa kulala, nusu ya fedha kabla, picha ngapi, lini. Msiba ukitokea kijijini ngoma itanyamaza na ratiba itavunjika. Mgeni wa Kyela anayetegemea meli anaweza kufika keki ikiwa imekatwa. Usidai ziada kwa mambo hayo. Ndani ya bei ile weka uchapishaji, maana picha zilizotumwa WhatsApp hupungua ubora na hukaa kwenye simu za vijana tu, ilhali bibi hana simu ya kuzifungulia. Chapisha picha ya ukoo kubwa, mbili, moja kila upande. Chapisha ya bibi na babu mbele ya kitenge, na ya wanawake wa jikoni. Zifunge kwenye kadibodi, juu ya bahasha andika jina la shangazi yule aliyepanga watu, zikabidhi basi la Mbamba Bay kwa dereva anayejulikana, na mpigie shangazi simu. Harusi ikiwa ya Julai, bahasha hiyo iwe imefika Ngumbo kabla mvua hazijaanza.